ÉMILE GALLÉ, FUNDI WA VIOO VYA RANGI

1. Mchanga unaogeuka kioo

Tazama kioo cha taa ya chemli. Mwanga hupita ndani yake, lakini upepo haupiti. Tazama chupa. Ni ngumu kama jiwe, lakini ikianguka huvunjika. Vitu hivi viwili vimetokana na mchanga.

Mchanga mweupe huchanganywa na magadi na chokaa. Mchanganyiko huo hutiwa katika tanuru. Moto wa tanuru hilo ni mkali kupita ule wa kuchomea vyungu au matofali. Mchanga huyeyuka, ukawa mzito kama asali. Fundi huchota kidogo kwa ncha ya bomba refu la chuma. Kisha huweka mdomo kwenye ncha ya pili na kupuliza. Kioo huvimba kama puto. Fundi hukizungusha na kukipa umbo kabla hakijapoa.

Kazi hii ni ya zamani sana. Lakini alikuwako mtu mmoja aliyefanya kioo kionyeshe maua, vipepeo, maji na giza la usiku. Mtu huyo alikuwa Mfaransa. Jina lake ni Émile Gallé. Jina hili husomwa Emili Gale. Somo hili linaeleza maisha yake na ya watu waliofanya kazi pamoja naye.

2. Mtoto wa dukani

Émile Gallé alizaliwa tarehe 4 Mei, 1846, katika mji wa Nancy. Mji huu uko mashariki ya Ufaransa, katika jimbo la Lorraine.

Baba yake aliitwa Charles. Alikuwa mchoraji wa vyombo vya kauri. Mama yake aliitwa Fanny. Jamaa za mama walikuwa na duka la vioo na vyombo vya mezani mjini Nancy. Charles alipooa, aliendesha biashara hiyo, ikakua. Basi Émile alikua kati ya sahani, bilauri na vioo. Tangu utotoni alijua kwamba chombo kizuri hakidondoki kutoka mbinguni. Kuna mtu amekitolea jasho.

Émile alipenda pia mimea. Alitembea mashambani na msituni akitazama majani na maua. Alijifunza kwa wataalamu wa mimea wa Nancy. Alijua kila mmea unavyoota, unavyochanua na unavyokauka. Maisha yake yote hakuacha elimu hiyo. Mwaka 1877 alikuwa miongoni mwa watu walioanzisha chama cha wakulima wa bustani mjini Nancy.

Watu wengine wangesema mimea ni kitu kimoja na kioo ni kitu kingine. Émile aliviunganisha.

3. Kujifunza kazi motoni

Émile alisoma shule vizuri. Baadaye alikwenda Weimar, mji wa Wajerumani, akaendelea na masomo. Lakini elimu ya vitabu peke yake haikumtosha. Alitaka kuijua kazi yenyewe.

Karibu na mwaka 1867 alikwenda katika kijiji cha Meisenthal. Kijiji hiki kiko katika milima yenye misitu. Watu wake walikuwa wakitengeneza vioo tangu mwaka 1704. Zamani viwanda vya vioo vilijengwa msituni kwa sababu matanuru yalikula kuni nyingi mno. Ufundi ulitoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Émile alikuwa mtoto wa mwenye duka, lakini hakukaa kando kutoa amri. Alisimama mbele ya tanuru pamoja na mafundi. Alijifunza kuchota kioo, kupuliza na kuchanganya rangi.

Huko aliona jambo moja kubwa. Kioo hakitengenezwi na mtu mmoja. Mmoja huchota. Mwingine hupuliza. Mwingine hushika chombo kwa koleo wakati fundi mkuu anapokata mdomo wake. Mwingine hukipeleka kwenye tanuru dogo ili kipoe polepole. Mmoja akichelewa, kazi ya wote inaharibika. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

4. Vita na mpaka mpya

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Wajerumani. Émile alikuwa na umri wa miaka 24. Aliingia jeshini kwa hiari yake.

Ufaransa ilishindwa. Mwaka 1871 Wajerumani walichukua jimbo la Alsace na sehemu ya Lorraine. Mji wa Nancy ulibaki Ufaransa, lakini sasa ulikuwa karibu na mpaka. Kijiji cha Meisenthal kilikuwa upande wa pili. Watu waliolala Wafaransa waliamka wako chini ya serikali nyingine.

Familia nyingi hazikutaka kutawaliwa na Wajerumani. Zilifunga mizigo na kuhamia Nancy. Kati ya wahamiaji hao walikuwako mafundi, wafanya biashara na wenye elimu. Mji ulijaa watu na kazi zikaongezeka. Familia ya Daum ilitoka katika sehemu iliyotekwa. Mwaka 1878 ikapata kiwanda cha vioo mjini Nancy. Baadaye kiwanda hicho nacho kilipata sifa kubwa kwa vioo vya rangi.

Émile hakuwasahau mafundi wa Meisenthal. Kwa miaka mingi aliendelea kuwapa kazi ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1885 alifanya nao mapatano maalumu ya kumtengenezea vioo. Mpaka uligawa nchi, lakini haukuvunja udugu wa kazi.

Mwaka 1875 Émile alimwoa Henriette Grimm, binti wa mchungaji wa Kiprotestanti. Walizaa watoto wanne, wote wa kike. Mwaka 1877 baba yake alimkabidhi kazi yote ya familia.

5. Siri ya rangi

Je, rangi huingiaje ndani ya kioo? Haipakwi juu kama rangi ya ukuta. Hutiwa wakati kioo kinayeyuka. Madini ya kobalti hutoa buluu. Shaba hutoa kijani au nyekundu. Dhahabu kidogo sana hutoa wekundu kama wa waridi. Chuma hutoa kijani au manjano.

Gallé alijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine. Mara nyingi alikosea. Vyombo vilipasuka, rangi zilichafuka, mapovu yaliingia ndani. Mafundi wengi walitupa vyombo vyenye mapovu na nyufa. Gallé alivitazama vizuri. Aliona kwamba povu linaweza kuwa tone la umande. Ufa mwembamba unaweza kuwa barafu. Doa linaweza kuwa ukungu wa asubuhi. Basi alijifunza kuyatumia makosa hayo kwa makusudi.

Njia yake moja ilikuwa hii. Fundi alichota kioo cheupe. Akakichovya katika kioo cha rangi, kisha katika rangi nyingine. Chombo kilipopoa kilikuwa na matabaka kama ya kitunguu. Mchoraji alichora ua juu yake kwa dawa nyeusi kama lami. Kisha chombo kilitumbukizwa katika tindikali kali. Tindikali ilikula tabaka la juu. Mahali penye lami haikuweza kula. Chombo kilipooshwa, ua lilibaki limesimama, lina rangi yake, na nyuma yake palikuwa na rangi nyingine. Baadaye mchongaji alilisafisha ua hilo kwa gurudumu dogo linalozunguka.

Mwaka 1898 Gallé aliandikisha serikalini njia nyingine mpya. Vipande vya kioo cha rangi vilibandikwa vikiwa na moto juu ya chombo kilichokuwa laini bado. Vikasukumwa mpaka vikazama. Njia hii ilikuwa ngumu sana. Rangi moja hupoa na kusinyaa tofauti na rangi nyingine. Kwa hiyo vyombo vingi vilipasuka wakati wa kupoa. Kazi ya siku nyingi ilipotea kwa mlio mmoja. Waliokota vipande na kuanza tena.

Gallé alikuwa na desturi ya kuandika. Mwaka 1889 palikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris. Gallé alipeleka vyombo vyake. Pamoja navyo alipeleka maelezo marefu kwa waamuzi, yanayoeleza majaribio yake na rangi zake. Alipata tuzo kuu kwa vioo. Alipata pia tuzo kwa kauri na kwa samani za mbao, maana alikuwa ameanza kazi ya useremala vilevile. Jina lake likajulikana nchi nyingi.

6. Kiwanda katikati ya bustani

Mwaka 1894 Gallé alifungua tanuru lake mwenyewe mjini Nancy. Sasa kazi yote iliweza kufanywa mahali pamoja. Kiwanda kilipokua kilikuwa na wafanyakazi karibu 300.

Kulikuwa na watu wa tanuru, wachoraji, wachongaji, watu wa tindikali, maseremala na wafungaji mizigo. Kazi ya kioo haikuwa nyepesi. Joto la tanuru lilichoma uso na kukausha koo. Moshi wa tindikali ulikuwa hatari kwa mapafu. Vumbi la kuchonga liliingia machoni. Mtu anayenunua chombo cha maua haoni mambo hayo. Huona ua tu.

Gallé alipanda bustani kubwa. Ndani yake mlikuwa na mimea ya kwao Lorraine na mimea ya nchi za mbali. Wachoraji wa kiwanda walitazama mimea hiyo hai. Hawakuiga picha za vitabu. Kama alitaka ua la mbigili, walilitazama lilivyo, na miiba yake. Kama alitaka kereng'ende, walitazama mbawa zake zilivyo nyembamba.

Vyombo vilikuwa vya aina mbili. Vya kwanza vilikuwa vichache na vya thamani kubwa. Vilichukua muda mrefu, na matajiri na majumba ya makumbusho walivinunua. Vya pili vilitengenezwa kwa wingi, kwa njia ya tindikali, na bei yake ilikuwa nafuu zaidi. Gallé hakuona aibu kuuza vya aina ya pili. Aliamini kwamba uzuri si mali ya matajiri peke yao. Tena mauzo ya vyombo hivyo yalilipa mishahara na gharama za majaribio.

Vyombo vyote vilitoka na jina moja, Gallé. Lakini sasa unajua, ndugu msomaji, kwamba nyuma ya jina hilo moja kulikuwa na mikono mingi.

7. Jaribu kubwa

Mwaka ule ule wa 1894 jambo baya lilitokea Ufaransa. Ofisa mmoja wa jeshi, Kapteni Alfred Dreyfus, alishtakiwa kwamba aliwapa Wajerumani siri za jeshi. Ushahidi mkubwa ulikuwa barua moja. Wakuu walisema mwandiko wake ni wa Dreyfus. Dreyfus alikana. Hakuwa na hatia. Lakini alikuwa Myahudi, na watu wengi wakati ule waliwachukia Wayahudi. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Akapelekwa katika kisiwa cha mbali huko Amerika ya Kusini.

Baadaye ilijulikana kwamba mwandiko ule ulikuwa wa ofisa mwingine. Ilijulikana pia kwamba karatasi nyingine zilighushiwa ili kumkandamiza Dreyfus. Hata hivyo wakuu wa jeshi hawakutaka kukubali kosa. Wafaransa waligawanyika makundi mawili. Ndugu waligombana. Marafiki waliacha kusalimiana.

Mji wa Nancy ulikuwa karibu na mpaka, na ulikuwa na askari wengi. Watu wengi huko waliliunga mkono jeshi. Aliyemtetea Dreyfus aliitwa msaliti.

Gallé angeweza kunyamaza. Alikuwa na kiwanda. Mamia ya watu walipata chakula kutokana na kazi yake. Wateja wakikimbia, mishahara itatoka wapi? Mtu mwingine angesema kwamba hayo ni mambo ya serikali na yeye ni fundi tu.

Gallé hakunyamaza. Alisema wazi kwamba Dreyfus ameonewa. Aliandika katika magazeti. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tawi la Nancy la Chama cha Haki za Binadamu. Mke wake Henriette alisimama pamoja naye. Kabla ya hapo Gallé alikuwa amewatetea pia Waarmenia waliokuwa wakiuawa katika dola ya Waturuki.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Marafiki wa siku nyingi walimwacha. Wateja wengi wa mjini kwake hawakununua tena vitu vyake.

Mwaka 1900 palikuwa tena na maonyesho ya dunia mjini Paris. Gallé aliweka tanuru la vioo katikati ya vitu vyake. Alionyesha pia chombo kimoja cha giza. Juu yake kulikuwa na watu weusi kama vivuli, wanaotoka chini ya ardhi. Watu hao walikuwa mfano wa uongo na chuki. Kilichorwa pamoja na rafiki yake, mchoraji Victor Prouvé. Kila aliyekiona alijua kwamba kilihusu kesi ya Dreyfus. Ndivyo fundi alivyosema neno lake kwa kioo.

Waamuzi walimpa Gallé tuzo kuu mbili mwaka huo.

8. Umoja wa mafundi na masomo ya jioni

Gallé aliona kwamba fundi mmoja akifa na siri zake, taifa linapata hasara. Mwaka 1901 yeye na wenzake walianzisha umoja wa mafundi. Uliitwa Shule ya Nancy. Haikuwa shule ya jengo moja. Ulikuwa umoja wa watu wa vioo, mbao, chuma, ngozi na ujenzi. Gallé alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Ndugu wa kiwanda cha Daum walikuwamo pia, ingawa nao waliuza vioo kama yeye. Walishindana sokoni, lakini walishirikiana katika kuendeleza ufundi.

Jambo jingine linatugusa sisi tunaosoma tukiwa watu wazima. Wakati huo wafanyakazi wengi wa Ufaransa waliacha shule wakiwa watoto ili waingie kazini. Gallé alisaidia kuanzisha chuo cha watu mjini Nancy. Vyuo vya namna hiyo vilitoa masomo jioni, baada ya kazi. Mtu wa tanuru aliweza kukaa benchi moja na mwalimu, akasikiliza habari za sayansi, sheria na sanaa.

9. Siku za mwisho

Karibu na mwaka 1902 Gallé alitengeneza taa ya ajabu. Ina uyoga tatu za kioo. Ya kwanza ni changa na imefunga. Ya pili imeanza kufunguka. Ya tatu imefunguka kabisa kama mwavuli, imefika uzeeni. Mtu akiitazama taa hiyo huona maisha ya binadamu.

Wakati ule Gallé mwenyewe alianza kuugua. Alikuwa na saratani ya damu. Dawa ya kumponya haikuwako. Aliendelea kufanya kazi. Mwaka 1904 alimaliza kitanda kikubwa cha mbao chenye vipepeo viwili, kimoja cha machweo na kimoja cha mapambazuko. Mwaka huo huo alitengeneza mkono wa kioo unaoinuka kama unatoka baharini, umezungukwa na mwani.

Émile Gallé alikufa Nancy tarehe 23 Septemba, 1904. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Hakuiona siku aliyoingoja. Mwaka 1906 mahakama ya juu ilitangaza kwamba Dreyfus hana hatia. Waliomtukana Gallé wakajua kwamba alisema kweli.

Henriette hakuacha kiwanda kife. Alikiongoza mpaka kifo chake mwaka 1914. Kwa muda baada ya kifo cha mumewe, nyota ndogo iliwekwa kando ya jina Gallé kwenye vyombo, ili watu wajue kwamba mwenye jina hayupo tena. Kiwanda kilifungwa katika miaka ya 1930.

Vyombo vyake vingi vimebaki. Mjini Nancy kuna jumba la makumbusho la Shule ya Nancy, lililofunguliwa mwaka 1964. Ndani yake kuna vioo vyake na vya wenzake. Kioo ni kitu chepesi kuvunjika. Lakini vyombo hivyo vimepita vita viwili vikuu, na maua yake hayajanyauka.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tanuru: mahali pa moto mkali pa kuyeyushia au kuchomea vitu.
Tindikali: maji makali yanayokula vitu vigumu.
Tabaka: kitu kilicholala juu ya kingine, kama maganda ya kitunguu.
Kughushi: kutengeneza karatasi ya uongo ili ionekane ya kweli.
Tuzo: zawadi ya heshima anayopewa mtu kwa kazi nzuri.

MASWALI

1. Kioo hutengenezwa kwa vitu gani?
2. Kwa nini zamani viwanda vya vioo vilijengwa msituni?
3. Gallé alifanya nini na vyombo vyenye mapovu na nyufa?
4. Kwa nini vyombo vya njia ya mwaka 1898 vilipasuka mara nyingi?
5. Gallé alipata hasara gani kwa kumtetea Dreyfus?

YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Dreyfus alihukumiwa kwa sababu ya karatasi. Je, mtu anayejua kusoma anawezaje kujilinda na karatasi za uongo?
2. Gallé alikuwa na wafanyakazi wengi wanaomtegemea. Je, alifanya vizuri kusema wazi, au ingefaa anyamaze? Toeni sababu.
3. Taja fundi wa kijijini kwenu, kama mfinyanzi, mhunzi au mfumaji. Ni nani anayejifunza kazi yake sasa? Andika sentensi tano juu yake.